Sare kumi na mbili za London: nusu pointi ya sataranji hutoka wapi

Novemba 2018, Magnus Carlsen wa Norway na Fabiano Caruana wa Marekani walikutana London kugombea ubingwa wa dunia wa sataranji. Ratiba ilikuwa na michezo 12 ya muda mrefu. Wa kwanza ulitoka sare, wa pili sare, wa tatu sare, ikawa hivyo hadi wa kumi na mbili. Haikuwa imewahi kutokea katika mechi za ubingwa wa dunia kwamba michezo yote ya kawaida imalizike bila hata mmoja kupata mshindi.

Mtu asiyeufuatilia mchezo huu akisikia hivyo huwa na maswali matatu. Je, walipanga? Waliogopana? Au kompyuta zimeshaumaliza mchezo, kimebaki kiini macho tu? Maswali hayo yalirudi tena tarehe 31 Desemba 2024 kule New York, pale Carlsen na Mrusi Ian Nepomniachtchi walipogawana ubingwa wa dunia wa michezo ya dakika chache baada ya kuvutana bila kupatikana mbabe. Wengi walikasirika, na katika kukasirika huko wakazichanganya sare za kila aina kapu moja.

Kosa liko hapo. Kwenye karatasi ya matokeo huandikwa "½–½" na hakuna zaidi. Lakini alama hiyo inaweza kuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu baada ya kuteswa muda wa saa saba, au ya mtu aliyeuacha ushindi mkononi kwa hesabu zake, au ya wawili waliokubaliana kwenda kulala mapema. Ukitaka kujua sare ina thamani gani, uliza imefikiwa kwa njia ipi.

Kwanza maneno yenyewe

Katika sataranji (au chesi, kama wengi tunavyoiita) ushindi ni pointi 1, kushindwa ni 0 na sare ni nusu pointi kwa kila mmoja. Hatua moja ni mwendo wa mweupe pamoja na jibu la mweusi, kwa hiyo mchezo wa hatua 40 una miendo 80. Cheki ni mfalme kushambuliwa. Chekimeti ni mfalme kushambuliwa akiwa hana pa kukimbilia wala wa kumkinga, na hapo mchezo umekwisha. Askari ni zile kete nane ndogo za mbele. Askari akifika mstari wa mwisho hugeuzwa kete nyingine, kwa kawaida malkia. Katika makala haya "mchezo" ni pambano la siku moja, na "mechi" ni mfululizo wa michezo kati ya watu wawili.

Kanuni za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, zinatambua njia kadhaa za kufika sare.

Ya kwanza ni mkwamo: ni zamu yako, mfalme wako hajashambuliwa, lakini huna mwendo wowote halali wa kucheza. Weka mfalme mweusi h8 (herufi a hadi h hutaja mistari ya wima ya ubao, namba 1 hadi 8 mistari ya mlalo), malkia mweupe g6, na mfalme mweupe popote pale mbali. Mweusi hana kete nyingine, na zamu ni yake. Hawezi kwenda g8, g7 wala h7, kwa sababu miraba yote mitatu inalindwa na malkia, na hapo alipo hajapewa cheki. Sare. Mweupe alikuwa na malkia mzima mkononi na ameondoka na nusu pointi. Wanafunzi wengi hupata sare yao ya kwanza hivi, na wengi hulia.

Ya pili ni ubao uliokufa, yaani kete zilizobaki haziwezi kuleta chekimeti hata wachezaji wote wawili wakisaidiana. Mfalme kwa mfalme, au mfalme na askofu mmoja dhidi ya mfalme peke yake, au mfalme na farasi mmoja dhidi ya mfalme. Mchezo unaishia palepale, hakuna haja ya mtu kuomba.

Ya tatu ni kujirudia kwa nafasi ileile mara tatu. Ya nne ni hatua 50 kupita bila askari yeyote kusogea na bila kete yoyote kuliwa. Ya tano ni makubaliano: mmoja anatoa ombi la sare, mwenzake anakubali. Na ipo ya sita, ambayo watu huisahau hadi iwakute: muda wako umekwisha, lakini mpinzani hana kete za kuweza kukupa chekimeti kwa njia yoyote ile. Hapo hushindwi, mnagawana.

Utasikia pia watu wakitaja "cheki ya kudumu", pale mmoja anapomfukuza mfalme wa mwenzake kwa cheki zisizokwisha. Hiyo si kanuni inayojitegemea. Huishia kwenye kujirudia mara tatu au kwenye makubaliano, lakini kama silaha ya kujiokoa ni kali mno: mtu aliyezidiwa ngome mbili anaweza kuokoka kwa malkia mmoja aliyepata njia ya kumsumbua mfalme.

Kuwa mbele hakutoshi

Jambo gumu zaidi kumweleza mtu wa mpira ni hili. Kwenye mpira goli moja likibaki hadi dakika ya mwisho umeshinda. Kwenye sataranji unaweza kumaliza ukiwa mbele kwa kete, tena kete kubwa, na matokeo yakawa sare. Ushindi ni chekimeti peke yake (au mpinzani kuinua mikono, au muda kumwishia). Faida yoyote isiyogeuka chekimeti haihesabiki.

Mfano mzuri ni huu. Mweupe ana mfalme, askofu na askari mmoja. Mweusi ana mfalme mtupu. Kila mtu angesema imekwisha. Sasa askari huyo awe kwenye mstari wa h, na askofu awe yule anayetembea kwenye miraba myeupe. Askari anataka kufika h8 ageuzwe malkia, lakini h8 ni mraba mweusi, na askofu huyu hawezi kuugusa maisha yake yote. Mfalme mweusi akiwahi kuingia kwenye pembe hiyo, hatoki. Atakwenda g8, atarudi h8, atakwenda g8. Mweupe akimbana sana anamkwamisha, na mkwamo ni sare. Akimlegezea, anaendelea kuzunguka. Askofu na askari vyote ni vya bure, kwa sababu ya rangi ya mraba mmoja.

Wachezaji wazoefu wanajua nafasi za namna hii kwa makumi. Wanajua kwamba farasi wawili na mfalme hawawezi kumlazimisha mfalme mtupu kuingia kwenye chekimeti. Wanajua kwamba ngome na askofu dhidi ya ngome mara nyingi ni sare, ila ni sare ya kutoka jasho. Ivan Nikolić na Goran Arsović walicheza hatua 269 huko Belgrade mwaka 1989, muda wa saa 20 na dakika 15, na zaidi ya hatua 100 za mwisho zilikuwa za mvutano huohuo wa ngome na askofu kwa ngome. Ilitoka sare. Wakati ule kanuni iliruhusu hatua 100 badala ya 50 kwa nafasi hiyo. Siku hizi imerudi kuwa 50 kwa nafasi zote.

Kwa hiyo mchezaji anayezidiwa hakai tu kusubiri kifo. Anaelekeza mchezo kwenye mojawapo ya nafasi hizi: anauza kete ili kuwamaliza askari wa mpinzani, anambadilisha askofu muhimu, anajenga boma, yaani mpangilio wa kete ambao mpinzani hawezi kuuvunja hata akiwa na nguvu zaidi. Kulinda namna hii ni kazi, na kwa maoni yangu ni kazi ngumu kuliko kushambulia, kwa sababu anayeshambulia akikosea mara moja hubaki palepale, ila anayejilinda akikosea mara moja amekufa.

Mchezo wa sita: boma

Mchezo wa sita wa London unaonyesha jambo hili wazi. Carlsen alikuwa na kete nyeupe, lakini Caruana alimzidi maarifa hatua kwa hatua hadi Carlsen akalazimika kutoa farasi kwa askari watatu. Kuanzia hapo Caruana alikuwa na kete moja zaidi na Carlsen alikuwa na kazi moja tu: kufunga kila mlango.

Kwenye hatua ya 68 kompyuta yenye nguvu ya Norway iitwayo Sesse ilitangaza kwamba mweusi ana chekimeti ya lazima, hatua thelathini na ushei mbele. Njia ilianza kwa askofu kwenda h4, kisha farasi kujipeleka mwenyewe g1, mahali ambapo anafungiwa na haonekani kuwa na kazi yoyote. Caruana hakuiona. Mchezo ulifika hatua ya 80 wakasalimiana, sare.

Siku ile watu wengi walioangalia kwenye skrini, wakiona kompyuta inasema "ushindi", walisema Caruana amechemka. Sidhani. Mwendo ambao faida yake inaonekana baada ya hatua thelathini, tena unaanza kwa kumfungia farasi wako mwenyewe kwenye kona, si mwendo wa binadamu. Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa zamani, alitania kwamba kama Caruana angeucheza, waandalizi wangeagiza mashine za ukaguzi mara moja. Kwa macho ya binadamu boma lile lilikuwa limekamilika. Ndiyo maana ni vibaya kuihukumu sare kwa kuangalia tu ile mistari ya kompyuta inayopanda na kushuka pembeni mwa skrini: kompyuta inakuambia kilichopo ubaoni, haikuambii ni kigumu kiasi gani kukipata ukiwa umekaa kitini muda wa saa sita.

Mchezo wa kwanza: aliyeponea

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Caruana alikuwa mweupe, akachelewa kwenye saa, na akajikuta na dakika chache kwa hatua nyingi. Hapa inafaa kueleza saa yenyewe. London kila mchezaji alipewa dakika 100 kwa hatua 40 za mwanzo, kisha dakika 50 kwa hatua 20, kisha dakika 15 hadi mwisho, na sekunde 30 za nyongeza kila anapocheza kuanzia hatua ya kwanza. Hatua ya 40 kwa hiyo ni kama kizingiti: ukikifika unapata pumzi, usipokifika kwa wakati umeshindwa hata kama nafasi yako ni nzuri.

Carlsen alikuwa na ushindi ubaoni kabla ya kizingiti hicho, zaidi ya mara moja. Badala ya kubana, alibadilishana kete mapema. Kilichobaki ni mwisho wa ngome kwa ngome, Carlsen akiwa na askari mmoja zaidi. Na mwisho wa ngome ndio uliojaa sare kuliko miisho mingine yote: ngome ya anayejilinda ikiwa hai nyuma ya askari wa mpinzani, askari mmoja wa ziada mara nyingi hatoshi. Carlsen aliendelea kusukuma hadi hatua ya 115, muda wa saa saba hivi. Caruana hakuanguka.

Je, mchezo huo uliotoka sare ulikuwa wa woga? Mmoja alitafuta ushindi kwa hatua 75 baada ya kuukosa, mwingine akajilinda bila kukosea. Tena Carlsen hakuwa akihatarisha kitu kwa kuendelea, ndiyo maana hakutoa ombi la sare hata pale nafasi ilipokuwa imekauka. Kila hatua ya ziada ilimpa Caruana nafasi nyingine ya kuchoka na kukosea.

Mchezo wa kumi na mbili: hesabu

Mchezo wa mwisho ndio uliozua mabishano makali. Carlsen alikuwa mweusi, nafasi yake ilikuwa bora, na alikuwa na muda mwingi zaidi kwenye saa. Hatua ya 31 akatoa ombi la sare. Caruana akakubali bila kusita. Kanuni za mechi ile zilikataza kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30, hivyo Carlsen alisimama karibu mara tu aliporuhusiwa.

Mabingwa wa zamani walimshambulia. Kasparov alisema kitendo hicho kinamfanya afikirie upya kama Carlsen bado anapewa nafasi kubwa kwenye michezo ya kasi, maana alionekana kupoteza ujasiri.

Lakini tazama hesabu aliyokuwa nayo. Mchezo wa 12 ukitoka sare, bingwa angepatikana siku nyingine kwa michezo minne ya kasi, dakika 25 kwa kila mchezaji na sekunde 10 za nyongeza. Kwenye michezo ya muda mrefu wawili hawa walikuwa karibu sawa kabisa: viwango vyao vya Elo, ambavyo hupima nguvu ya mchezaji, vilikuwa 2835 kwa 2832. Kwenye kasi Carlsen alimzidi Caruana kwa karibu pointi 90. Kuendelea na mchezo wa 12 kulikuwa na uwezekano wa kushinda, na pia uwezekano mdogo wa kukosea na kupoteza taji papo hapo. Sare ilimpeleka mahali alipojua ana nguvu zaidi. Tarehe 28 Novemba alishinda michezo mitatu ya kasi mfululizo, 3–0, na wa nne haukuchezwa.

Unaweza kusema uamuzi ule haukuwa na utamu, nami nakubali. Kuuita woga ni kitu kingine.

Hapa ndipo mfano wa mpira unafaa. Timu ikienda ugenini na kurudi na sare, mashabiki wake hushangilia, wale wa nyumbani huguna, na matokeo ni yaleyale. Kwenye sataranji kete nyeusi ni ugenini. Mweupe huanza, na katika michezo ya wachezaji wazuri mweupe hukusanya takriban asilimia 55 ya pointi. Kwa hiyo nusu pointi ukiwa mweusi ina uzito kuliko nusu pointi ukiwa mweupe, hasa kwenye mashindano ya raundi nyingi.

Kiwango cha mpinzani nacho kinageuza maana. Tuseme mchezaji wa Elo 2000 anakutana na wa 2200, wote wakihesabiwa kwa kipimo cha 20, ambacho hutumika kwa wachezaji wengi wasio wapya wala hawajafika 2400. Jedwali la FIDE linamtarajia yule wa 2200 apate 0.76 ya pointi. Akitoka sare amepata 0.5, yaani pungufu ya 0.26. Zidisha kwa 20: anapoteza pointi 5.2 za Elo, na mwenzake anazipata. Kwa mmoja sare hiyo ni kipigo kidogo, kwa mwingine ni sherehe. Carlsen na Caruana, kwa tofauti ya pointi 3, hawakupungukiwa wala kuongezewa chochote.

Je, sare hupangwa?

Nyingine hupangwa, na hakuna haja ya kuficha. Mwaka 1962, kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia huko Curaçao, Tigran Petrosian, Paul Keres na Efim Geller walicheza michezo 12 wao kwa wao, na yote 12 ilitoka sare, mingi baada ya hatua chache tu. Walijiwekea nguvu za kupambana na wengine, na Mmarekani Bobby Fischer, aliyecheza mashindano hayo, alilalamika hadharani. Desemba 2023 huko Samarkand, kwenye ubingwa wa dunia wa michezo ya dakika chache, Nepomniachtchi na Daniil Dubov walizungusha farasi wao ubaoni kwa mpangilio wa dhihaka hadi wakapata sare. Mwamuzi aliifuta nusu pointi ya kila mmoja, ikaandikwa 0–0.

Waandalizi wamejaribu dawa nyingi. Mwaka 2005 mashindano ya Sofia yalipiga marufuku ombi la sare kati ya wachezaji: lazima mwamuzi aridhike kwamba hakuna kilichobaki. Mwaka 2008 Bilbao walitumia pointi 3 kwa ushindi na 1 kwa sare, kama ligi ya mpira. Kwenye mashindano ya Norway Chess, tangu 2019 wanaofunga sare hukaa tena mezani kwa mchezo mfupi ambao mweupe ana dakika nyingi zaidi lakini mweusi akitoka sare anahesabiwa mshindi.

Dawa ya Sofia ina tundu kubwa. Huwezi kuwazuia watu wanaotaka sare kurudia nafasi mara tatu, na kuna mistari ya ufunguzi inayojulikana na kila mtaalamu ambayo huishia hapo kabla chai haijapoa. Kinachosaidia zaidi ni kubadilisha faida ya sare, kama Norway walivyofanya. Kuikataza kwa mdomo husaidia kidogo.

Lakini sare nyingi za juu hazipangwi. Zinatokana na kwamba mchezo huanza ukiwa sawa kwa sawa, na ili mmoja ashinde lazima mwingine akosee vya kutosha. Kosa dogo moja huvumilika, na mara nyingi mawili pia. Wachezaji wa juu hufanya makosa machache, wamejiandaa na kompyuta kwa miezi kabla ya mechi, na wanazijua nafasi za kujiokoa. Wenzetu wa klabu hutoka sare mara chache zaidi, na si kwa sababu ni majasiri kuliko Carlsen. Ni kwa sababu tunaachia farasi bure hatua ya 23.

Na sare kujaa kwenye mechi za ubingwa hakujaanza na kompyuta. Anatoly Karpov na Kasparov walianza mechi Septemba 1984 Moscow, mshindi akiwa wa kwanza kushinda michezo sita, sare zisihesabiwe. Kuanzia mchezo wa 10 hadi wa 26 zilitoka sare 17 mfululizo. Mechi ilisimamishwa Februari 1985 baada ya michezo 48: Karpov ameshinda mitano, Kasparov mitatu, sare 40. Tangu hapo hakuna mechi rasmi ya ubingwa wa dunia iliyoandaliwa bila idadi ya mwisho ya michezo.

Ukiwa mezani mwenyewe

Wengi siku hizi hujifunza sataranji kwenye simu, kisha huenda kwenye mashindano yao ya kwanza na kupoteza nusu pointi kwa kutojua utaratibu. Baadhi ya programu hutangaza sare zenyewe nafasi inapojirudia mara ya tatu. Mezani hakuna anayekutangazia. Lazima udai mwenyewe. Mwamuzi huingilia tu nafasi ikijirudia mara tano, au hatua 75 zikipita bila askari kusogea wala kete kuliwa.

Kudai kuna mpangilio wake, na kosa la kawaida ni kucheza kwanza halafu kudai. Kama mwendo unaotaka kuucheza ndio utakaoleta nafasi mara ya tatu, uandike kwenye karatasi yako, usiucheze, simamisha saa, mwite mwamuzi, umwambie unakusudia kuucheza na unadai sare. Kama nafasi imeshatokea kwa mwendo wa mpinzani, dai kabla hujagusa kete yoyote. Ukishagusa, haki ya kudai imepita kwa zamu hiyo. Dai likiwa si sahihi, mpinzani anaongezewa dakika mbili, mchezo unaendelea, na ule mwendo ulioandika sharti uucheze.

Jambo la pili ni kudhani kwamba nafasi lazima ijirudie mara tatu mfululizo. Hapana. Inaweza kutokea hatua ya 30, ya 32 na ya 34, au ikapishana kwa hatua 20, mradi kete zote ziko mahali palepale, zamu ni ya mtu yuleyule, na haki za miendo miwili maalumu, kufunga mfalme na ngome na kumla askari kwa kupita, hazijabadilika. Mwaka 1971 Buenos Aires Fischer alidai hivyo dhidi ya Petrosian kwa kutaja mwendo wa malkia aliokusudia, na Petrosian, bingwa wa dunia wa zamani, inasemekana hakuwa ametambua kwamba nafasi ilikuwa inafika mara ya tatu. Ndiyo maana karatasi ya kuandikia hatua isiandikwe ovyo: bila hiyo mwamuzi hana cha kukagua.

Ombi la sare nalo lina adabu yake. Cheza mwendo wako kwanza, sema unaomba sare, kisha bonyeza saa. Wote wawili huandika (=) kwenye karatasi. Ombi halifutiki. Linabaki hai hadi mwenzako akubali, akatae kwa mdomo, au aguse kete kwa nia ya kucheza. Kuomba wakati yeye anafikiri ni kumsumbua, na ukirudia rudia mwamuzi anaweza kukuadhibu. Angalia pia tangazo la mashindano: mengine hukataza makubaliano kabla ya hatua ya 30, kama London.

Mwisho ni muda kuisha. Mpinzani amebaki na mfalme mtupu na saa yako imefika sifuri: sare. Ila akiwa na farasi mmoja au askofu mmoja na wewe una askari bado, usifikiri umeokoka. Kanuni ya FIDE haiulizi kama angeweza kukulazimisha. Inauliza kama kuna mfululizo wowote wa miendo halali, hata wa kijinga kabisa, ambao ungeishia kwenye chekimeti dhidi yako. Kwa kuwa askari wako mwenyewe wanaweza kumziba mfalme wako njia kwenye kona, mara nyingi mfululizo huo upo, na umeshindwa. Baadhi ya programu za simu hukupa sare kwenye nafasi hiyohiyo, kwa hiyo usibishane na mwamuzi ukitegemea ulichozoea kuona kwenye simu.